Kalemie, Mji wa Kuvukia

Maji ya Ziwa Tanganyika yana njia moja tu ya kutokea, nayo ni Mto Lukuga, upande wa Kongo. Mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874 akatangaza kwamba hapo ndipo ziwa linapomwagikia. Stanley alipopita miaka miwili baadaye alikuta mafunjo, matope na maji yasiyokwenda popote, akamkatalia mwenzake. Kila mmoja alisema alichokiona. Njia ilikuwa imeziba na ziwa lilikuwa linapanda, hata likakivunja kizuizi hicho. Mwaka 1879 Edward Hore na Joseph Thomson waliukuta Lukuga ukienda kwa kasi kuelekea Mto Lualaba. Kando ya mlango huo wa maji ndipo ulipo mji wa Kalemie.

Kabla ya mji palikuwa na kivuko. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora hadi Ujiji. Hapo watu na mizigo wakapakiwa mitumbwini wakavuka hadi Mtowa, kaskazini kidogo mwa Lukuga, kisha wakashika njia ya Manyema kutafuta pembe za ndovu. Waliorudi walikuja na pembe, na pia watu waliofungwa minyororo ya utumwa. Waholoholo, wenyeji wa mwambao ule, waliyaona yote hayo yakipita mbele ya milango yao. Kiswahili nacho kilivuka kwa mitumbwi hiyohiyo, kikakaa.

Wazungu walipokuja kuweka vituo walifuata mwambao huo. Émile Storms alijenga boma Mpala mwaka 1883, na miaka miwili baadaye likakabidhiwa Mapadri Weupe. Mwishoni mwa 1891 akaja Kapteni Jules Jacques na kikosi cha chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa, akajenga boma na kuliita Albertville, kwa heshima ya Albert, mpwa wa Mfalme Leopold II. Mwaka uliofuata watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji ambaye jina lake hasa ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, walilizingira. Boma halikuanguka. Ni haki kuongeza kwamba dola lililoletwa na wapinga utumwa hao liliwatumikisha Wakongo kwa kiboko.

Mji wenyewe, hata hivyo, ni mtoto wa reli. Njia ya kilomita 273 kutoka Kabalo, kwenye Lualaba, ilifika ziwani mwaka 1915, wakati vita vimepamba moto. Wajerumani walikuwa wamemaliza reli yao ya Dar es Salaam hadi Kigoma mwaka mmoja nyuma, na meli zao ndizo zilizotawala ziwa. Waingereza wakaamua kuleta motaboti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilishushwa Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume, kisha zikaburutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai, huku vibarua Waafrika wakifyeka njia na kujenga madaraja. Zikateremka Lualaba hadi Kabalo, na reli mpya ikazimalizia safari. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli Kingani, ikapewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, walijizamishia wenyewe Julai mwaka huo walipoiacha Kigoma. Ilipoinuliwa baadaye ikawa Liemba, ambayo wasafiri wa ziwa hilo wanaijua hadi leo.

Baada ya vita Ubelgiji ilipata, kwa mkataba wa 1921, maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Kivuko cha zamani kikarudi kwa sura mpya: mzigo ulishuka melini Dar es Salaam, ukaenda Kigoma kwa treni, ukavuka ziwa, ukapanda treni nyingine Albertville. Kikaja kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kikaja cha saruji cha Kabimba, na umeme ukatoka Bendera, kaskazini mwa mji.

Uhuru uliukuta mji huu katikati ya ugomvi wa kujitenga kwa mkoa wa Katanga. Juni 1964 waasi wa Gaston Soumialot waliuteka. Jason Sendwe, kiongozi wa Waluba wa Kaskazini mwa Katanga, aliuawa mwezi huohuo. Kijana aliyekuwa msaidizi wa Soumialot pale Albertville alikuwa Laurent-Désiré Kabila. Serikali iliukomboa mji Agosti. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba kuwasaidia waasi, na mwezi Juni wapiganaji wakashambulia kituo cha umeme cha Bendera, wakashindwa. Muda mfupi baadaye Albertville ikawa Kalemie.

Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 viliwarudisha watu majini, safari hii wakikimbia kuelekea mashariki. Wengi waliishia kambi za Nyarugusu na Lugufu, mkoani Kigoma, wakakuta lugha wanayoielewa. Mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, Kalemie ilifanywa makao makuu ya mkoa wa Tanganyika.

Kinachoutisha mji sasa ni ziwa. Tangu 2020 maji yamepanda kiasi cha kuingia nyumba na barabara za mwambaoni, Kalemie, Uvira na Bujumbura vilevile, kwa kuwa miji yote hiyo inautegemea mlango uleule wa Lukuga. Wakazi wanahamia miinuko, na mashua za Kigoma zinaendelea kutia nanga palipobaki pakavu.