Misumari ya Aprili 2019

Katika miaka hii kumi ya kikundi hatutaisahau Aprili 2019. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kimbunga Kenneth, na mkoa wetu wa Ruvuma ukatajwa pamoja na Mtwara na Lindi. Mwezi mmoja tu kabla, kimbunga Idai kilikuwa kimeiharibu Beira. Sisi akina mama wa Songea tukaangaliana: mahindi bado yako shambani, mfukoni hakuna kitu. Mfuko wa jamii upo, lakini katiba yetu ilisema hutolewa janga likishatokea. Tukabishana weee, hadi giza, ndipo wenye funguo tatu wakafungua sanduku. Kila mama akakopa kidogo, bila riba: misumari, waya wa kufungia paa, mafuta ya taa, unga. Watoto wakazibua mitaro.

Tarehe 25 Kenneth kikaingia Msumbiji. Huko watu zaidi ya 40 walifariki. Kwetu hata bati moja halikung'oka. Majirani wakacheka, "Mmenunua misumari bure!" Hatukujuta. Baada ya mavuno mikopo yote ilirudi, na katiba tukairekebisha: janga linalokuja nalo ni janga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.