Kikomo cha Kubeba na Kikomo cha Kuvuta

Anayeuza gari la mizigo, awe Lubumbashi au Kalemie, hutaja kwanza uwezo wake. "Hii inabeba tani tatu, na nyuma inavuta mbili." Mnunuzi wa Moba anawaza maharage na mahindi ya nyanda za juu za Marungu yanayosubiri kushushwa bandarini, na saruji ya Kabimba atakayoipandisha akirudi. Anachukua tatu na mbili, anapata tano, analipa. Hesabu hiyo inavunja springi na kupasua tairi, na kwenye mteremko inaua. Tatu na mbili hapo hazijumlishwi.

Katika karatasi za gari za nchi yetu, Kongo, vipimo hivi vimeandikwa kwa Kifaransa. "Poids à vide" ni uzito wa gari likiwa tupu. Kiswahili kinatosha kabisa kusema uzito mtupu. Herufi PTAC husimamia uzito ambao gari, pamoja na watu, mafuta na mizigo yote, haliruhusiwi kuupita. Napendekeza tuuite uzito wa mwisho wa gari. Ukitoa uzito mtupu katika uzito wa mwisho, kinachobaki ndicho Wafaransa wanachokiita "charge utile". Anayetafsiri neno kwa neno ataandika "mzigo wa manufaa", na dereva hataambulia kitu. Kiite kikomo cha kubeba. Kisha kuna PTRA, yaani uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja, na kando yake kikomo cha kuvuta, ambacho ni uzito wa tela lenyewe na vyote vilivyopakiwa juu yake.

Nimechagua kikomo, nikaacha uwezo, kwa sababu maalumu. Uwezo ni kitu cha kuonyeshwa. Lori likipanda kutoka Moba-Port hadi Kirungu na tani sita mgongoni, mwenyewe atasema limeonyesha uwezo wake, na kesho atapakia sita na nusu. Lakini injini mara chache ndiyo inayoshindwa kwanza. Kinacholindwa na namba ya kiwanda ni springi, chesisi, beringi, tairi na zaidi ya yote breki, na hivyo vyote huchoka kimyakimya safari baada ya safari. Kikomo kimewekwa na aliyelichora gari. Hakisogei kwa sababu dereva ni hodari.

Namba zenyewe si siri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yana kibamba, mara nyingi kwenye fremu ya mlango, chenye uzito wa aina nne uliopangwa kutoka juu kwenda chini. Wa kwanza ni uzito wa mwisho wa gari, wa pili ni wa gari na tela pamoja. Mstari unaoanza na 1 ni kikomo cha ekseli ya mbele, na unaoanza na 2 ni cha ekseli ya nyuma. Malori madogo yaliyotumika Japani yana namna yake: nyuma, kwenye mlango wa bodi, kuna alama tano za Kijapani zikifuatwa na namba, tuseme 2000, na herufi kg. Wengi hudhani ni pambo, wengine huzifuta wakipaka rangi upya. Kumbe alama hizo maana yake ni "mzigo wa juu kabisa unaoruhusiwa", na sheria ya Japani hudai ziandikwe hapo. Tumeletewa jibu limeandikwa kwenye gari lenyewe, tukalifuta kwa brashi.

Sasa tupige hesabu. Chukua pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 1,900 na uzito wa mwisho wa kilo 3,000. Kikomo chake cha kubeba ni kilo 1,100. Kitabu chake kinasema inavuta kilo 2,000, na kibamba kinasema uzito wa mwisho wa gari na tela ni kilo 4,500. Ndani wamekaa watu watano. Kwa wastani wa kilo 70 kila mmoja, hao ni kilo 350. Nyuma limefungwa tela lenye kilo 2,000 kamili. Mkono wa tela haukokotwi tu, unaikandamiza ndoano ya gari. Wenye uzoefu wa matela ya Marekani husema mkandamizo huo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Tushike 10, zitakuwa kilo 200. Huo ni uzito wa ndoano, na unabebwa na gari, kwa hiyo unakatwa katika zile 1,100. Zimebaki kilo 550, yaani mifuko 11 ya saruji ya kilo 50.

Ipakie mifuko hiyo. Gari, watu na saruji ni kilo 2,800. Ukiongeza kilo 200 za ndoano unagusa 3,000 sawasawa. Kikomo cha kubeba hakijavunjwa, cha kuvuta pia hakijavunjwa. Lakini 2,800 na 2,000 za tela ni 4,800, na namba ya pili ya kibamba ilisema 4,500. Lazima mifuko sita ishuke. Kipimo kilichovunjwa ni kile ambacho muuzaji hakukitaja na mnunuzi hakukiuliza.

Mtu akitaka kuukwepa uzito wa ndoano kwa kusukuma mizigo nyuma ya tela, anaingia katika hatari kubwa zaidi. Mkono ukiwa mwepesi, tela huanza kupiga mkia, na mwendo ukiongezeka linaligeuza gari. Mizigo mizito ikae juu ya ekseli ya tela, ikiegemea kidogo mbele.

Tujiulize pia namba ya kuvuta ilipimwa wapi. Watengenezaji wa pikapu wa Marekani hufuata kanuni iitwayo SAE J2807, ambayo jaribio lake kubwa limeigwa kutoka mlima wa Davis Dam huko Arizona: kilomita kama 18 za kupanda, joto la nyuzi 38, na gari la kawaida halipaswi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni jaribio kali, ila ni la lami. Barabara yetu ya Marungu ina udongo, mawe, makorongo na tope la masika. Namba ya kitabu kwetu ni dari, na mwenye busara hukaa chini yake.

Kushuka kuna sheria yake. Uzito wote unaoushusha bandarini utabidi uzuiwe na breki. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaruhusu tela lisilo na breki zake lenyewe mradi uzito wake wa mwisho usizidi kilo 750, wala nusu ya uzito mtupu wa gari linalovuta. Humo uzito wa tela lenyewe umo. Kwa hiyo tela la kilo 250 lisilo na breki lichukue mifuko kumi ya saruji, basi.

Na tela lililochomelewa na fundi wa mtaani juu ya ekseli ya gari chakavu, lisilo na kibamba? Soma tairi. Ubavuni, baada ya vipimo vya ukubwa, kuna namba ya mzigo: 91 ni kilo 615, 104 ni kilo 900. Tairi mbili za 104 haziwezi kuchukua zaidi ya kilo 1,800, tela likiwemo, nazo ziwe zimejaa upepo unaotakiwa. Beringi na ekseli vikiwa dhaifu kuliko tairi, kikomo kinashuka zaidi.

Barabara nayo inalipa. Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, yaliyofanyika Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito: ekseli ikibeba mara mbili, uharibifu ni mara 16. Ndiyo maana Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, huhesabu ekseli kwa ekseli na kuweka tani 56 kuwa mwisho wa gari zima. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Lori letu likivuka upande wa pili linakutana na mizani hiyo.

Pasipo na mizani ya barabarani, ya sokoni inatosha. Usihesabu magunia kwa macho, maana gunia moja la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo, hutofautiana sana na jirani yake. Pima matatu, tafuta wastani, zidisha. Nawe mwenye gari, ziandike namba zako kwa rangi kwenye mlango wa dereva, kwa Kiswahili: uzito mtupu, kikomo cha kubeba, kikomo cha kuvuta, uzito wa mwisho wa gari na tela. Mwenye mizigo azisome kabla hamjaanza kupatana bei.