Nani Steringi wa Njia ya Ujiji?

Kuna neno moja ambalo kila mtoto wa mjini analijua kabla hajajua kusoma tiketi: steringi. Steringi ndiye mwenye picha. Steringi hafi, na akifa basi ujue picha imekwisha. Adui anampiga mpaka chini, ukumbi unaguna, halafu anainuka taratibu, anajifuta damu mdomoni, na kila mtu anajua kwamba sasa kazi ndiyo inaanza. Waliobaki ni watu wa kupita tu. Wanaanguka toka kwenye farasi, wanabeba mizigo, wanakufa bila majina, na hakuna anayeuliza walizikwa wapi.

Mimi nimemaliza sehemu kubwa ya maisha yangu nikiuliza walizikwa wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki wa sinema, ndugu msomaji. Tangu nilipokuwa kijana wa shule hapa Tabora, miaka ya 1980, nina madaftari yaliyojaa picha nilizoona: jina la picha, mwaka, nani kaitengeneza, nani steringi, na mwishoni swali moja kwa wino mwekundu: kamera imesimama upande wa nani? Wenzangu waliona nimechanganyikiwa. Umelipa kiingilio ufurahi, wewe unaandika! Lakini kwangu kuandika ndiyo ilikuwa furaha yenyewe. Picha huisha kwa saa mbili tatu, taa zikawashwa watu wakatawanyika. Ubishi juu ya picha ndio unaobaki, na ubishi usioandikwa nao hupotea.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotaka kushika kalamu, maana historia ya sinema kwetu ina mambo mengi yanayosubiri mwandishi, na baadhi yake yamepita hapahapa, kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji.

Sinema ya serikali ilipokuja Tanganyika ilikuja kama mwalimu mkali. Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walianza mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, walikuwa wametoa filamu fupi 35 hivi. Zilizungumzia safura, mmomonyoko wa udongo, uuzaji wa kahawa, kodi, na kuweka akiba posta. Sauti ilitoka kwenye sahani za santuri zilizopigwa pembeni. Filamu yao moja, Gumu, ilimwonyesha kijana wa shamba anayekwenda mjini akaharibika. Mnaona? Tangu mwanzo, kijana wa mjini aliwekwa upande wa adui.

Mwaka 1939, vita vilipoanza, Waingereza wakaunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yao yote. Kiongozi wake, William Sellers, alikuwa na nadharia yake: Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwa hiyo mwonyesheni kitu kimoja kwa muda mrefu, polepole, bila kurukaruka. Babu yangu alikuwa akisema kwamba gari la sinema la serikali liliwaletea picha inayohusu choo, na watu walikwenda kwa wingi kuangalia mwanga. Huo tayari ni uhakiki, tena wa mstari mmoja.

Na nadharia ya Sellers ilikuwa imekwisha kanushwa hata kabla hajaitunga. Mjini Zanzibar jumba la sinema la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, na watu walikuwa wakikata tiketi kwa pesa zao wenyewe kuangalia picha za Marekani na za Kihindi, zenye mbio, mapigano na kurukaruka kwa kila aina. Hawakuhitaji mtu wa kuwapunguzia mwendo.

Sasa sikilizeni hili la Tabora. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilikuja kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya serikali ya Tanganyika. Katika ile iliyoitwa Muhogo Mchungu, steringi alikuwa kijana mfanyakazi wa serikali aliyesoma Shule ya Tabora. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyohuyo. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu akaenda kujenga chama, aliyeshika nafasi yake ni yule steringi wa Muhogo Mchungu. Mpaka alipofariki, tarehe 31 Desemba 2009, wengi walimjua kama Simba wa Vita. Ni wachache waliomjua kama mwigizaji.

Kwa mhakiki, hili si jambo la kuchekesha tu. Filamu zile zilikusudiwa kumtuliza mtu mweusi, kumfundisha tabia njema. Lakini ukishamweka mtu katikati ya picha, akasema Kiswahili, akapewa jina na hasira na aibu zake, umekwisha mfanya steringi, upende usipende. Waliokaa gizani hawawezi tena kuambiwa kwamba kazi yao ni kubeba mizigo.

Baada ya hapo tuje kwenye raha yenyewe. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia ambayo wapagazi waliipiga kwa miguu kwa miezi ikawa safari ya treni. Makasha ya mikanda ya filamu nayo yakapanda treni. Kumbi nyingi katika nchi hii ziliendeshwa na wafanyabiashara wa Kiasia, na picha za Kihindi zilipendwa na watu wa rangi zote. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliwaliza watu wazima: hakimu amemfukuza mkewe kwa wivu, na mwanawe mwenyewe anakuja kusimama mbele yake kama mwizi. Nani hapa pwani na bara asiyeijua kesi hiyo? Baadaye ikaja Sholay ya 1975. Na Bruce Lee, jamani! Enter the Dragon ya 1973 iliwafanya vijana wa mtaa mzima watembee wamekunja ngumi.

Shule yangu ya uhakiki ilikuwa kijiweni. Kulikuwa na wale wenye hela ya tiketi na wale wasio nayo, na aliyeona picha Jumamosi alikuwa na deni la kuwahadithia wenzake Jumapili. Huwezi kuhadithia picha yote. Lazima uchague. Unaanzia wapi? Unakata wapi? Ukimsifu steringi kupita kiasi unaambiwa, "Mwanangu, acha fiksi." Ukisahau sababu ya ugomvi, wanakuacha. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuhakiki ni kuhadithia kwanza, halafu kuhukumu, na kwamba asiyejua kuhadithia hukumu yake haina mashiko.

Kumbi zikaanza kufifia. Video ikaingia miaka ya 1980, na televisheni ya bara ikaanza mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Watu wengi wa sinema waliona msiba. Mimi naongeza upande wa pili: vibanda vya video vilituletea watafsiri. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alichukua picha za watu akazisimulia upya kwa Kiswahili, akawapa wahusika majina ya mtaani na kuwaeleza watu sababu ya kila kitu. Wasomi walimdharau. Lakini yule bwana alikuwa anafanya kilekile tulichofanya kijiweni: alisimama kati ya picha na mtazamaji, akasema, haya ndiyo ninayoyaona mimi.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Tukiwa na macho hayo, tutazame picha zinazohusu njia yetu wenyewe.

Mwaka 1939 kampuni ya Fox ya Marekani ilitoa Stanley and Livingstone. Spencer Tracy ndiye Stanley, Cedric Hardwicke ndiye Livingstone. Picha za misafara na za wanyama zilipigwa Afrika Mashariki, lakini steringi mwenyewe hakufika huku. Kwa kuwa mzungu hawezi kuwa peke yake katika picha, walimtungia Stanley rafiki mmoja wa Kimarekani, mtu wa porini, mcheshi, akachezwa na Walter Brennan. Kumbe katika historia Stanley alikuwa na watu wa kutosha wa kuzungumza nao. Mwaka 1871 alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, karibu miezi mitatu, akaingia hata kwenye vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo. Mwaka 1872 alirudi hapo na Livingstone kutoka Ujiji. Tembe lao leo ni makumbusho. Rafiki wa kutungwa alihitajika wa nini?

Mwaka 1990 ikaja Mountains of the Moon ya Bob Rafelson, inayohusu Burton na Speke, waliofika Tabora, wakati ule ikiitwa Kazeh, Novemba 1857. Ni picha nzuri zaidi, nakiri. Ina vumbi, ina homa, ina wivu wa wasomi wawili. Lakini mtazame mtu anayeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akauzwa utumwani, akafika India, akarudi. Alipita Tabora na Burton na Speke, akapita tena na Speke na Grant, akapita na Stanley mwaka 1871, akapita na Cameron mwaka 1873. Wazungu walikuwa wanabadilika, yeye yupo. Sasa niambieni, kwa sheria za kibanda cha video, nani steringi hapo? Ni yule anayeugua kila baada ya maili kumi, au yule anayeijua njia?

Na kuna picha nyingine ambayo kila nikiifikiria naiona ikiwa imekwisha kupigwa. Livingstone alikufa mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Watu wake, Chuma na Susi wakiwa mbele, waliukausha mwili wake wakaubeba. Oktoba 1873 wakafika Tabora. Hapo wakakutana na Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyewashauri wauzike hukuhuku. Wakakataa. Wapagazi wanamkatalia ofisa wa Kiingereza, chini ya miembe ya Unyanyembe! Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ukumbini hapo watu wangesimama juu ya viti.

Katika msafara huo alikuwamo kijana aliyeitwa Jacob Wainwright. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa huko India. Ndiye aliyesoma sala ya maziko, ndiye aliyechonga jina la Livingstone kwenye mti, na ndiye aliyefika na jeneza mpaka London mwaka 1874. Zaidi ya hayo, aliandika shajara. Wakati wenzake wote wanasimuliwa na watu wengine, yeye alishika kalamu akaandika aliyoyaona. Alifariki mwaka 1892 huko Urambo, si mbali na mji huu. Shajara yake imewekwa kwenye mtandao mwaka 2019, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiona.

Wadogo zangu, mimi sidai kila filamu iwe na shujaa mweusi. Hiyo ingekuwa propaganda ya Vugiri iliyogeuzwa koti. Nataka tujue tunachokitazama. Tanzania imekuwa na watengeneza filamu wake: Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya 2001, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Filamu hizo zimesifiwa katika matamasha ya nje. Je, zimebishaniwa vya kutosha kwa Kiswahili, na watu waliokata tiketi kwa hela yao? Mtengeneza filamu asiye na mhakiki ni kama mwimbaji anayeimba kisimani: anasikia sauti yake tu.

Kwa hiyo anzeni na kilicho karibu. Picha yoyote mtakayoiona wiki hii, iwe ya Kikorea, ya Kinigeria au ya Kibongo, iandikieni mistari kumi. Elezeni kisa kwa namna ambayo asiyeiona ataelewa. Semeni nani amepewa jina na nani hakupewa. Halafu toeni hukumu, na muwe tayari kuitetea kijiweni. Wainwright hakuwa na kamera wala ukumbi, alikuwa na wino na karatasi, na leo sisi tunajua aliyoyaona kwa sababu hiyo.