Mtambo wa Kunakili Barua: Chombo cha Ofisi Kilichozaliwa Birmingham

Kiolesura ni neno ambalo wataalamu wa kompyuta hulitumia kutaja sehemu ya chombo ambayo mtumiaji huiona, huigusa na kuitolea amri, kama vile kitufe, mpini au kioo. Lakini jambo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta, kwa kuwa kila chombo kinachotumiwa na watu wengi sharti kimfahamishe anayekishika afanye nini, kwa kiasi gani na kwa utaratibu upi. Miongoni mwa mashine za mwanzo za ofisi zilizobanwa na sharti hilo ni mtambo wa kunakili barua wa James Watt, mhandisi wa Uskoti aliyehamia Birmingham mwaka 1774, ambaye mwezi Februari 1780 aliupatia hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi kwa muda maalumu. Historia ya mtambo huo inathibitisha kwamba chombo cha wengi hukomaa kadiri kinavyompunguzia mtumiaji mzigo wa kukisia.

Haja ya mtambo huo ilitokana na biashara. Tangu mwaka 1775 Watt alikuwa na ubia na Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho nje kidogo ya Birmingham, na wateja wao wakubwa walikuwa wenye migodi ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, waliotumia injini za mvuke kuvuta maji yaliyojaa mashimoni. Barua zilizokwenda huko zilibeba vipimo, bei na masharti ya mikataba, hivyo kila moja ilihitaji kubaki na mfano wake ofisini. Na kwa kuwa mfano huo uliandikwa upya kwa mkono, kazi ya karani ilirudufiwa, na tarakimu iliyokosewa ilizaa ugomvi kati ya fundi na mteja.

Mwaka 1779 Watt alibuni njia ambayo neno la Kiswahili nakala linaieleza vizuri, maana asili yake ya Kiarabu ni kuhamisha. Barua iliandikwa kwa wino maalumu, ikawekewa juu yake karatasi nyembamba iliyotiwa unyevu, kisha zote mbili zikabanwa kwa nguvu, hata sehemu ya wino ikahama. Herufi zilizohamia zilikaa kinyume kwenye uso uliogusa barua, kama mtu anavyojiona kiooni. Lakini kwa kuwa karatasi ilikuwa nyembamba na haikutiwa gundi ya kuzuia wino kupenya, maandishi yalisomeka sawasawa kwa upande wa pili.

Nguvu ya kubana haikuwa tatizo kubwa, kwani mitambo ya rola ilikwisha kutumiwa kuchapa picha kutoka kwenye mabamba ya shaba. Ugumu ulikuwa katika mambo ambayo mtambo wenyewe haukuweza kumwambia mtumiaji. Karatasi ikilowa kupita kiasi, wino ulitapakaa na kuichafua barua halisi. Ikikauka mno, nakala ilitoka hafifu. Na barua iliyocheleweshwa zaidi ya takriban siku moja baada ya kuandikwa haikunakilika vizuri, kwa sababu wino wake ulikwisha kushika. Kwa hiyo kampuni ya James Watt na Wenzake, ambayo Boulton na mkemia James Keir walikuwa wabia wake, iliuza mtambo pamoja na karatasi na wino wake, ikaambatanisha maelekezo yaliyochapwa ya kumwongoza mnunuzi hatua kwa hatua. Maelekezo hayo yalikuwa sehemu ya chombo sawa na rola na mpini, kwa kuwa bila hayo mtu wa ofisi nyingine, asiye na fundi wa Soho pembeni yake, asingepata chochote ila karatasi zilizoharibika.

Watumiaji wa mbali walikuwapo kweli: Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alianza kunakili barua zake kwa mtambo wa aina hii mwaka 1785. Wenye mabenki, kwa upande wao, waliupokea kwa hofu, wakidhani kwamba utawasaidia waghushi wa hati.

Katika karne ya 19 mtambo wa skrubu, ambao mpini wake uliteremsha bamba zito la chuma juu ya karatasi, ulienea katika ofisi nyingi, na karatasi zilizokuwa mbalimbali zikaunganishwa kuwa kitabu cha nakala chenye kurasa zilizotiwa nambari. Karani aliweka karatasi ya mafuta ili maji yasipenye kwenda kurasa nyingine, akalowesha ukurasa kwa kitambaa, akaingiza barua, akafunga kitabu na kuzungusha mpini. Mpangilio wa kurasa ulihifadhi mfuatano wa tarehe, kiasi kwamba karani wa zamu yoyote aliweza kuendelea pale mwenzake alipoishia, hadi mashine ya taipu na karatasi ya kaboni zilipochukua nafasi yake.

Leo hati za Boulton na Watt zimehifadhiwa katika Maktaba ya Birmingham, na nakala za mtambo huo zimo humo kwa wingi. Anayeinua ukurasa mmoja kuelekea mwanga huona mistari iliyokolea na mistari iliyofifia, na pengine herufi zilizotapakaa. Na kwa kuyatazama hayo anaweza kutambua mahali ambapo mkono wa karani ulizidisha maji na mahali ulipoyapunguza, yaani pale ambapo mtambo ulikuwa bado umemwachia mtu kukisia.