Kondo la nyuma linavyompatia mtoto sukari tumboni

MJAMZITO wa Musoma, Bunda au Butiama anapokula ugali wa muhogo na mtama kwa samaki wa Ziwa Victoria, wanga wa ugali huo humeng'enywa na kuwa glukosi, sukari ambayo ndiyo nishati kuu ya mtoto aliye tumboni.

Damu ya mama haichanganyiki na ya mtoto. Kati yao lipo kondo la nyuma, ambalo mimba inapokomaa huwa na uzito wa takriban nusu kilo. Glukosi hulivuka kwa kubebwa na protini maalumu, hasa ile iitwayo GLUT1, kutoka damu ya mama yenye sukari nyingi kwenda ya mtoto yenye sukari kidogo. Protini hizo ni nyingi zaidi upande wa mama, hivyo kasi ya safari huamuliwa zaidi na upande wa mtoto.

Kondo nalo si mpagazi wa bure. Sehemu kubwa ya sukari hiyo hulitumia lenyewe, na nyingine huigeuza kuwa laktati.

Insulini ya mama haivuki. Ndiyo maana mama mwenye kisukari kisichodhibitiwa humfanya mtoto atengeneze insulini nyingi kwa kongosho lake mwenyewe. Mtoto hunenepa kupita kiasi, na akishazaliwa sukari yake huweza kushuka ghafla.

Kwa wakazi wa kandokando ya ziwa, adui aliyezoeleka zaidi ni malaria. Mwaka 1996, watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza makondo kutoka Kisumu, Kenya, walionyesha kuwa chembe nyekundu zenye vimelea hunasa ndani ya kondo kwa kushikamana na kemikali iitwayo kondroitini salfeti A. Uvimbe unaofuata huvuruga usafirishaji wa glukosi, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Ubaya wake ni kwamba mama huweza asipate homa hata kidogo, na kipimo cha damu ya kidoleni kisione kitu.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2001 Tanzania huwapa wajawazito dawa ya SP kliniki hata wasipougua. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dozi tatu, kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, zikipishana mwezi mmoja au zaidi. Wanaotumia Septrini kila siku kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hawapewi SP.