Libeneke Halijazama

Wagogo husimulia kuwa tembo mmoja alishuka mtoni kunywa maji, akanasa kwenye tope na kudidimia mbele ya macho ya watu, na kutokana na neno lao la kuzama ndipo likaja jina la Dodoma. Ndiyo maana hapa mjini neno "kuzama" halitamkwi kwa wepesi. Lakini ukimtajia blogu kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, atakutazama kama uliyemtajia santuri. Kwake blogu ilishazama zamani, na tope lenyewe ni Facebook, Instagram na TikTok.

Haijazama. Wapo bado wanaoamka asubuhi, wakafungua Blogger ileile, wakapakia picha sita za Bunge na kuandika chini yake "akiteta jambo". Kujua kwa nini wameng'ang'ania, lazima tuanzie mbali na Dodoma.

Blogger ilitolewa mwaka 1999 na kampuni ndogo ya California, Pyra Labs. Google wakainunua mwaka 2003, na hata huduma zake za kulipia zikawa bure. Kwa mwandishi wa Kitanzania ubure huo ulikuwa na maana kubwa kuliko teknolojia yenyewe, kwa sababu gazeti linadai mtambo, karatasi na magari, na blogu ilidai tu saa moja kwenye intaneti kafe. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, aliyekuwa Marekani huku safu yake ikisomwa katika gazeti la Mwananchi, alianzisha Jikomboe, inayohesabiwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Hakuishia kuandika. Aliwashawishi wengine mmoja mmoja kufungua zao, kama mtu anayegawa mbegu.

Mbegu iliyoota kuliko zote ilipandwa Helsinki. Septemba 2005 Tanzania na Finland ziliandaa mkutano huko, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News. Ndesanjo alimfungulia blogu hapohapo. Michuzi akaleta kitu ambacho wasomi wa mwanzo hawakuwa nacho, nacho ni utani wa mtaani. Wasomaji aliwaita wadau, nao wakamwita Ankal. Blogu akaigeuza jina kuwa Globu ya Jamii, na kazi nzima ya kurusha picha na habari ikaitwa libeneke. Harusi, msiba, mnuso wa balozi, daladala iliyopinduka, vyote vilipita pale. Watanzania wa ughaibuni waliifungua kabla ya chai.

Wengine walichukua njia zao. Maggid Mjengwa aliandika kutoka Iringa, akipiga picha za vijijini ambazo Dar es Salaam haikuwa na muda nazo. Profesa Joseph Mbele wa Chuo cha St. Olaf, Minnesota, alifungua Hapa Kwetu akazungumzia vitabu na tamaduni kwa Kiswahili cha utulivu, kisichokimbizana na habari za siku.

Kwetu huku kwenye uwanda wa kati, blogu ilipindua mwelekeo wa habari. Magazeti yalichapwa Dar es Salaam yakapanda kwa barabara, kilomita 450 hivi, hata kusimulia yaliyotokea Dodoma penyewe. Bunge likikaa, mambo yalisemwa hapa, yakaenda pwani, yakarudi kesho yake yakiwa karatasi. Mwanablogu aliyekaa kantini ya Bunge alikata mzunguko huo. Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 lilikuwa kilele chake: wajumbe zaidi ya 600, Samuel Sitta kitini, wapinzani wa UKAWA wakitoka ukumbini mwezi Aprili, na nchi nzima ikitafuta picha.

Lakini mwaka huohuo njia ilikuwa imeanza kugawanyika. Tigo ilitoa Facebook ya Kiswahili bila kukata bando. Kusoma blogu kuligharimu, kusoma Facebook hakukugharimu. Sidhani kama mjadala ulihitaji zaidi ya hapo. Isitoshe, Evan Williams, mmoja wa walioitengeneza Blogger, alikuwa ndiye mmoja wa waasisi wa Twitter. Aliyetujengea nyumba ndiye aliyetuita tutoke barabarani.

Pigo la pili halikuwa la kibiashara. Machi 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine kila mwaka, na asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mashirika ya haki za binadamu na ya habari yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara, yakapata zuio la muda, lakini kabla ya Mei kwisha lilikuwa limeondolewa. Juni, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikawataka wasiosajiliwa wasimame. Kitu kilichokuwa bure tangu 2003 kikageuka ghali kuliko kibanda cha chipsi pale Majengo. Ada zilikuja kupunguzwa, ila wengi walikuwa wameshahamia kwenye makundi ya WhatsApp, wala hawakurudi.

Sitaki kuwapamba waliobaki. Baadhi wamebaki kwa uvivu tu, na blogu nyingi zilikuwa za kunakili na kubandika, huku sehemu ya maoni ikijaa matusi ya wasio na majina. Wala si kweli kwamba blogu haipotezi kitu. Waliohifadhi picha zao Photobucket waliamka mwaka 2017 wakakuta matangazo ya kudai malipo mahali palipokuwa na harusi za watu.

Kinachowashika waliobaki ni safu ile ya kando ya ukurasa: mwaka, mwezi, idadi ya machapisho. Kwenye Facebook jana haipatikani. Na Mei 2025, X ilipozuiwa nchini, aliyekuwa na ukurasa huko tu alikosa hata pa kuaga.

Safu hiyo ina thamani ya pekee kwa mji huu. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, Dodoma imebomolewa na kujengwa kwa kasi hadi wenyeji wenyewe wanapotea njia. Bonyeza mwaka 2006, ukumbi mpya wa Bunge ulipozinduliwa. Waziri anateta jambo na mbunge, wote wakitabasamu, na mpiga picha hakukusudia zaidi ya hapo. Wapuuze hao wawili. Tazama nyuma ya mabega yao: vumbi, mbuyu, baiskeli imeegemezwa, na uwazi mtupu hadi mlimani.