Mji wa Royan na Ubishi wa Nyumba Zake Mpya

Katika pwani ya magharibi ya Ufaransa, mahali ambapo mto Gironde unaingia baharini, kuna mji mdogo uitwao Royan. Wenyeji wake leo ni kama 18,000, ila wakati wa joto wageni wengi huja kuoga na kupumzika. Wasomaji wapenzi, labda jina hilo hamjalisikia kamwe. Lakini habari zake zafaa kujulikana, kwa maana watu wa Royan walibishana miaka mingi juu ya neno hili: mji ukiisha kubomoka, ujengwe kwa mfano gani, tena nani mwenye haki ya kuuchagua?

Kabla ya vita Royan ulikuwa mji wa matajiri na wa wavuvi pamoja. Palikuwa na nyumba za mawe zenye minara midogo na mapambo ya mbao, hoteli kubwa, na kasino iliyosifiwa Ufaransa nzima. Picasso, yule mchoraji mashuhuri, alikaa huko mwaka 1939 na 1940, na mwezi wa Agosti 1940 alichora mkahawa uliokuwa mbele ya dirisha lake. Picha ipo hata leo, mkahawa haupo.

Mwisho wa mwaka 1944 karibu Ufaransa yote ilikuwa imekwisha kuokolewa, lakini Wadachi walibaki Royan ili kuziba njia ya bandari ya Bordeaux. Usiku wa tarehe 5 Januari 1945 ndege za Waingereza zipatazo 350 zilikuja kuutupia mji mabomu. Wakubwa wao walikuwa wameambiwa kwamba raia wamekwisha kuondoka. Sivyo. Ndege zilikuja mara mbili usiku ule ule, na mara ya pili ziliwakuta watu wakiwafukua wenzao chini ya kuta. Raia zaidi ya 400 walikufa. Askari Wadachi waliokufa walikuwa wachache. Mwezi wa Aprili mabomu yakaja tena, kisha mji ukatwaliwa. Katikati ya mji hapakusalia kitu cha kutengenezwa.

Basi, hapo ndipo ubishi ulipoanza. Waziri wa ujenzi, Raoul Dautry, alimchagua Claude Ferret, mchora ramani wa Bordeaux, ausimamie ujenzi mpya. Watu walikuwa wakikaa katika vibanda vya mbao, na sheria ya mwaka 1946 iliwaahidi malipo ya mali yao iliyoharibiwa. Lakini viwanja vya zamani vilichanganywa na kugawanywa upya. Aliyekuwa na nyumba yake pekee, na bustani, na mti wake, aliweza kujikuta na fungu katika jumba moja pamoja na jirani wengi. Tusiwacheke watu hao. Walipoteza nyumba, wengine walipoteza na watoto, na sasa waliitwa kutazama ramani na kuzisifu.

Mwanzoni michoro ya Ferret na wenzake ilikuwa ya taratibu, kama mji wo wote wa Ulaya. Kisha mwezi wa Septemba 1947 gazeti moja la wachora ramani la Paris, L'Architecture d'aujourd'hui, lilitoa toleo zima juu ya majengo mapya ya Brazil. Vijana wa Royan walilisoma, na mawazo yao yakageuka. Wakaanza kuchora kuta nyeupe zilizopinda, nguzo nyembamba, paa bapa, na matundu ya kuingiza upepo, kama kwamba Royan ni mji wa nchi ya jua kali. Mbele ya bahari likajengwa jumba refu lililopinda kama upinde, mita 600 hivi. Mwaka 1955 wakaanza soko. Paa lake ni ganda moja la betoni, upana wake mita 50 na zaidi, unene wake sentimeta chache tu, nalo linashika nchi kwa miguu 13 bila nguzo hata moja ndani. Mwanamke anayekuja kuuza samaki haoni kitu cho chote kinachozuia njia yake. Hilo watu walilikubali upesi, kwa sababu soko lilikuwa na kazi.

Kanisa lilikuwa shida zaidi. Kanisa la kale la Notre-Dame lilikufa pamoja na mji, na waamini walitazamia mawe na matao waliyoyazoea. Guillaume Gillet aliwapa betoni tupu: kuta zilizokunjwa kama karatasi, mnara wa mita 60 hivi, na paa kama tandiko la farasi. Anayeingia husimama juu kwanza, kisha hushuka ngazi mpaka mahali pa kusali, ambapo watu 2,000 waweza kukusanyika. Kazi ilianza mwaka 1955, na kanisa lilibarikiwa mwezi wa Julai 1958. Wengi walisema, hili si kanisa. Na kwa kweli betoni ile ilikuwa na ugonjwa: fedha zilikuwa chache, kazi ilikwenda mbio, hewa ya chumvi ikala vyuma, na maji ya mvua yakaingia. Wenye kulichukia walipata la kusema.

Chuki ile haikupoa na miaka. Katika miaka ya 1980 nyumba mpya zilikuwa zimechakaa, na wakubwa wa mji hawakuona sababu ya kuzihurumia. Mwaka 1985 kasino mpya ya Ferret ilibomolewa. Mwaka 1986 likaondolewa lango kubwa lililounganisha pande mbili za jumba la mbele ya bahari, ili bahari ionekane wazi tokea barabara ya sokoni. Sisi twaona kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa maana barabara ile ilichorwa ikome pale langoni. Sasa inakoma pasipo kitu.

Gillet alikufa mwaka 1987. Mwaka uliofuata serikali iliandika kanisa lake katika orodha ya majengo yanayolindwa na taifa, na mwaka 2002 soko nalo likalindwa. Siku hizi mji wenyewe huwaita wageni waje kuyatazama majengo ya miaka ile ya 1950. Kule kanisani mafundi hurudi mara kwa mara, hupasua betoni mbovu, hufikia chuma kilicholiwa na kutu, hukisafisha, kisha huziba tena.